Mchokozi ameingia kundini: hatua za kumkabili bila kuwapoteza watu wako

Nimekuwa admini wa kundi la wazazi mtandaoni kwa miaka saba, na kosa ninalolijutia zaidi nililifanya katika mwaka wa kwanza. Mama mmoja mgeni aliandika kwamba mtoto wake wa wiki mbili anakataa kunyonya, afanyeje. Kabla hajapata jibu, akaunti moja isiyo na picha ikamwandikia kwamba mwanamke asiyejua kunyonyesha hakupaswa kuzaa. Nilipandwa na hasira, nikamjibu yule mtu. Akanijibu. Nikamrudia kwa jibu kali zaidi, wanachama wakanishangilia, naye akarudi tena, na tukaendelea hivyo kwa karibu saa mbili hadi akanyamaza. Nililala nikijihesabu mshindi. Asubuhi nilipomtafuta yule mama, nikakuta amejitoa. Nilirudi kusoma majibu yote ya usiku ule, moja baada ya jingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia chochote kuhusu mtoto wake.

Mwongozo huu unatokana na usiku ule. Msimamizi hana kazi ya kumshinda mchokozi. Ana kazi ya kumlinda aliyeuliza, pamoja na wale wengi wanaosoma kimya kimya wakipima kama hapa ni mahali pa kufungua kinywa. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli kwa ng'ombe aliyekizoea kisima. Aliyefika leo kwa mara ya kwanza huzisikia kelele hizo akarudi na kiu yake, na wala hutajua kwamba alikuja.

Hatua tatu za mwanzo zinamfaa mwanachama yeyote. Zinazofuata ni za wasimamizi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni mchokozi kweli

Neno troli, ambalo wengi tunalitumia, lilienea mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Usenet, mtandao wa majadiliano uliotangulia wavuti. Wengi hulihusisha na aina ya uvuvi ambayo mvuvi hukokota ndoano yenye chambo nyuma ya chombo kinachotembea, akingoja samaki yeyote adake. Picha hiyo ikae kichwani. Mchokozi halisi hajali mada: leo ataleta chanjo, kesho dini, keshokutwa uzito wa mtu. Anachotaka ni wewe udake. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada, akiwamo Erin Buckels, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu wanaopenda kuchokoza mtandaoni walipata pia alama za juu katika vipimo vya kufurahia maumivu ya wengine. Kwa hiyo ukimwandikia mtu wa namna hiyo "umemliza mwenzako", hujamwaibisha. Umemjulisha kwamba chambo kimefanya kazi.

Lakini wengi wanaoharibu mazungumzo si watu wa namna hiyo. Watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Watu walipewa mtihani mwepesi au mgumu, kisha wakaombwa kutoa maoni chini ya habari. Kwa waliotoka kwenye mtihani mwepesi na kukuta maoni ya kawaida yametangulia, asilimia 35 ya maoni yao yalihesabiwa kuwa ya uchokozi. Kwa waliotoka kwenye mtihani mgumu na kukuta maoni mabaya yametangulia, ilifika asilimia 68. Watu wale wale wa kawaida, ila wana hasira na wamekuta wenzao wameshaanza. Mimi nimejifunza mawili hapo: usimpachike mtu jina la mchokozi kwa sababu ya jioni moja mbaya, na usiache maneno machafu yakae juu kabisa ya uzi, yaani mfululizo wa majibu ya mada moja, kwa maana ndiyo yanayowafundisha wanaofuata namna ya kuandika.

Namna rahisi ya kupima ni kuuliza swali moja la heshima: "Ndugu, hapo unamaanisha nini hasa?" Mbishi mwenye hoja atafafanua, hata kama kwa ukali. Mgeni asiyejua kanuni ataomba radhi au atashangaa. Aliyekuwa na siku mbaya mara nyingi hushusha pumzi. Mchokozi ataruka kwenda jambo lingine, au ataiacha mada na kukugeukia wewe. Uliza mara moja tu. Ukiuliza mara ya tatu, tayari umo kwenye mchezo wake.

Kuna aina moja inayowahadaa wasimamizi wengi kwa sababu haitukani. Huyu huja na upole mwingi: "samahani, naomba tu kuelewa", "je, una ushahidi?", "naomba unieleze tena". Ukimjibu, anauliza kingine. Ukimpa ushahidi, hausomi, anaomba mwingine. Mwenzake akichoka na kupandisha sauti, yeye hujitokeza kama mwungwana aliyeonewa. Mpime kwa kuangalia kama jibu lolote limewahi kubadili swali lake linalofuata. Kama halijawahi, hayuko hapo kujifunza, na upole wake usikufunge mikono.

Hatua ya 2: Usijibu ukiwa unachemka

Andika jibu lako mahali pengine, kwenye daftari au kwenye ujumbe unaojitumia mwenyewe. Weka simu chini kwa dakika kumi. Ukirudi, jiulize kama ungeyasema maneno yale mbele ya yule aliyetukanwa, ana kwa ana. Mimi hufuta robo tatu ya ninayoyaandika.

Hatua ya 3: Mjibu aliyeuliza, si aliyetukana

Hii ndiyo hatua ninayowaomba watu waishike hata kama wataacha nyingine zote.

Kuna ushauri wa zamani mtandaoni usemao mchokozi asilishwe, yaani asijibiwe kabisa. Ushauri huo ni nusu ya kweli. Ukimya humkosesha mchokozi chakula, lakini aliyetukanwa naye anauona ukimya huo huo, na yeye huusoma kama kukubaliana. Watu mia mbili wameona ujumbe, hakuna aliyesema neno: angefikiri nini? Kwa hiyo usinyamaze. Badili unayemwelekea.

Kwanza lijibu swali lake, kikamilifu, kana kwamba lile tusi halikuandikwa. Mfano: "Karibu sana, mama Fulani. Mtoto wa wiki mbili akikataa titi ghafla, mpeleke kwa mhudumu wa afya leo hii, usingoje. Huku ukijiandaa, hebu tuambie: analowesha nepi mara ngapi kwa siku?" Kisha waite kwa majina wanachama wawili watatu wanaolijua jambo hilo waongeze ya kwao. Ukifanya hivyo ndani ya nusu saa, tusi linabaki juu kama jiwe dogo mtoni, maji yanapita.

Pili, weka sentensi moja kwa ajili ya wanaotazama: "Maneno ya namna hiyo hayakubaliki katika kundi hili." Usiongeze sababu, wala hotuba, wala tusi la kurudishia. Sentensi hiyo haimwelekei mchokozi. Unawaambia wengine mpaka uko wapi.

Tatu, mwendee mlengwa faragha. Hapa ndipo nilipokosea usiku ule. Ujumbe mfupi unatosha: "Nimeona ulichoandikiwa. Si sawa, na tunalishughulikia. Swali lako bado tunalitaka." Nimewaona watu waliokuwa wameshika mlango kutoka wakarudi kwa ujumbe kama huo tu.

Wanachama nao wana la kuacha. Kila anayemjibu mchokozi kwa kejeli anaona anamsaidia mwenzake, lakini uzi unapanda juu kila unapoandikwa, na tusi linaonwa na watu wengi zaidi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kama unataka kumsaidia aliyeumizwa, zungumza naye, na umripoti mchokozi kwa msimamizi.

Hatua ya 4: Weka kanuni, na uziweke mahali zinapoonekana

Kanuni zilizofichwa kwenye maelezo ya kundi ambayo hakuna anayeyafungua hazina kazi. Mwaka 2016 mtafiti J. Nathan Matias alifanya jaribio kwenye jamii ya sayansi ya mtandao wa Reddit, iliyokuwa na wafuatiliaji zaidi ya milioni 13. Katika baadhi ya mijadala kanuni ziliwekwa juu kabisa, katika mingine hazikuwekwa. Palipowekwa kanuni, kiwango cha wageni waliozifuata kilipanda kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na idadi ya wageni walioshiriki ikapanda kwa wastani wa asilimia 70. Hilo la pili ndilo lililonigusa. Nilikuwa nikiogopa kwamba kanuni zitawafukuza watu. Kumbe mgeni anayeona kwamba pana ulinzi ndiye anayethubutu kuandika.

Kanuni ziwe chache, na zitaje matendo, si tabia njema kwa jumla. "Tuheshimiane" haimsaidii mtu, kwa sababu kila mmoja anaamini anaheshimu. Hizi ni za kwetu:

- Pinga hoja, usimguse mtu: sura yake, ndoa yake, kabila lake, dini yake, lugha yake.
- Usisambaze nje ya kundi kilichoandikwa humu, wala namba ya mwanachama.
- Swali likishajibiwa mara mbili na hukubali, anzisha uzi wako.
- Uamuzi wa msimamizi unajadiliwa naye faragha, si kwenye kundi.

Ya tatu ndiyo iliyotuokoa na yule mwulizaji mpole asiyekoma. Ya nne ilichukua muda kueleweka, na wengine waliiona ni udikteta. Tumeiweka kwa sababu kesi inayosikilizwa hadharani hugeuka jukwaa la mchokozi.

Kama kundi lako linaruhusu, weka maswali mawili ya kujibu kabla ya kuingia, mojawapo likiwa "umeikubali kanuni ya kwanza?" Halimzuii mwenye nia mbaya kudanganya. Linakupa tu mahali pa kuanzia utakapomwonya.

Hatua ya 5: Hifadhi kabla ya kufuta

Kwenye WhatsApp, tangu mwaka 2022 msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwa wote, na mkono hukimbilia hapo. Ngoja kidogo. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina au namba, tarehe na saa, pamoja na ujumbe uliotangulia ili muktadha usipotee. Kwenye mitandao yenye viungo, nakili na kiungo. Ukishafuta, ushahidi haupo tena, na siku mtu huyo akivuka hadi vitisho utatamani ungekuwa nao. Mimi nina folda moja kwa kila mtu aliyeonywa, na wasimamizi wenzangu wanaiona.

Hatua ya 6: Panda ngazi moja baada ya nyingine

Onyo la kwanza ni la faragha, linataja ujumbe wenyewe na kanuni yenyewe. "Habari ndugu. Ujumbe wako wa jana saa mbili usiku kwa dada Fulani umevunja kanuni ya kwanza, nimeuondoa. Mchango wako kuhusu mada bado unakaribishwa. Ikijirudia, utanyamazishwa siku saba." Hapo hakuna tusi wala "watu kama ninyi".

Kama mtu huyo ni mwanachama wa siku nyingi aliyebadilika ghafla, usimwandikie. Mpigie. Mwanasaikolojia John Suler alieleza mwaka 2004 kwa nini watu husema mtandaoni wasiyoweza kuyasema uso kwa uso: hawaonekani, hawamwoni anayeumia, na jibu haliji papo hapo. Sauti hurudisha kiasi kikubwa cha hayo yaliyopotea. Nimewahi kumpigia mzee mmoja aliyekuwa akiwashambulia kina mama vijana kila siku, na kabla sijamaliza salamu akaniambia amefiwa na mkewe. Hakuna onyo la maandishi ambalo lingenifikisha hapo.

Onyo la pili, nyamazisha kwa siku saba. La tatu, mtoe.

Kuna makosa yasiyopanda ngazi. Kutishia kumdhuru mtu, kuanika anwani au namba yake, kusambaza picha zake za faragha, jambo lolote la kingono linalohusu mtoto: hapo hakuna onyo. Mtoe saa hiyo hiyo, uripoti kwa kampuni ya mtandao, na umsaidie mlengwa kupeleka taarifa polisi. Ushahidi unaohusu picha za watoto usiuhifadhi wala kuusambaza, hata kwa nia njema; ripoti akaunti na ujumbe mahali ulipo, na uwaachie polisi waelekeze.

Utaambiwa kwamba ukimtoa ataenda kusumbua kwingine. Mwaka 2015 Reddit ilifunga jamii kadhaa za chuki, na watafiti walipofuatilia, wakachapisha mwaka 2017 kwamba wengi waliacha kutumia akaunti zao, na waliobaki walipunguza lugha ya chuki kwa asilimia 80 au zaidi. Jamii walikohamia hazikuharibika kwa kiasi cha kutajika. Kumbe mahali penyewe nako kuna mchango katika kumfanya mtu alivyo.

Unapomtoa, mtoe kimya. Usitangaze, usiweke vichekesho, usibandike picha ya maneno yake ya mwisho. Wahariri wa Wikipedia wana desturi ya muda mrefu kwa waharibifu wa makala: uharibifu unarekebishwa, akaunti inafungwa, na hakuna anayemtungia sifa. Kwa mtu anayetaka kutajwa, kutotajwa ndiyo adhabu yenyewe.

Kuna njia nyingine ambayo baadhi ya majukwaa huitumia, ya kumfungia mtu bila kumwambia, akawa anaandika lakini hakuna anayemwona. Siipendi kwa makundi yetu. Ikiwa umemkosea, hatapata nafasi ya kujitetea, na mtu mwenye matatizo ya kweli anaachwa akizungumza na ukuta.

Kundi likishika moto lote kwa pamoja, usihangaike kuzima ujumbe mmoja mmoja. WhatsApp tangu 2018 ina mpangilio unaoruhusu wasimamizi peke yao kuandika. Telegram tangu 2019 inaweza kumlazimisha kila mtu angoje muda fulani kabla ya ujumbe wake unaofuata. Funga kwa saa kadhaa, na uandike lini utafungua. Saa ikifika, fungua. Ukichelewa bila neno, hasira inahamia kwako.

Hatua ya 7: Akirudi kwa jina jingine

Atarudi, baadhi yao. Akaunti ya juzi yenye kinyongo cha mwaka jana, makosa yale yale ya tahajia, kupenda kuandika saa zile zile, kujua mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua. Usimtaje hadharani. Nimewahi kumshuku mtu asiye na hatia, na kumwomba radhi mbele ya kundi zima ilikuwa ni haki yake. Weka utaratibu kwamba ujumbe wa wageni wa wiki ya kwanza upitiwe kabla ya kuonekana, kwa kila mgeni, bila kubagua. Mchokozi hana subira ya wiki.

Hatua ya 8: Mwanachama wako akiwindwa

Wakati mwingine si mtu mmoja. Ni kundi zima linamshukia mwanachama wako kwenye akaunti yake, ujumbe mamia kwa siku. Hapo ushauri wa "puuza" ni ukatili. Msaidie kwa mpangilio huu: afunge akaunti ionekane na marafiki tu, aondoe namba ya simu, mahali pa kazi na picha za watoto, abadili nywila na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, kwanza kwenye barua pepe yake, maana akaunti nyingine zote hufunguliwa kupitia hiyo. Halafu apatikane rafiki mmoja wa kuishika simu yake, asome yeye, ahifadhi yeye, aripoti yeye. Mlengwa asisome. Nimeona mtu akishindwa kula kwa siku tatu kwa sababu alikuwa akifungua kila ujumbe akidhani lazima ajue wanasema nini.

Umtafute baada ya wiki mbili pia. Washambuliaji huwa wameshasahau, yeye hajasahau.

Hatua ya 9: Msiwe mmoja

Kundi lenye msimamizi mmoja linategemea usingizi wake. Tafuta angalau watatu, wenye saa tofauti za kuwa macho, na mkubaliane kwamba hakuna anayeamua kesi inayomhusu mwenyewe. Mchokozi akinitukana mimi, mwenzangu ndiye anayeamua, nami nafunga mdomo. Jipangieni pia mapumziko: mwezi wa zamu, mwezi wa kuwa mwanachama wa kawaida. Kusoma matusi kila siku kunamkausha mtu bila yeye kutambua, na dalili ya kwanza ni pale unapoanza kuwajibu wageni wema kwa ukali.

Jambo la mwisho ni ratiba yangu ya kila Jumapili jioni. Ninapitia nyuzi za wiki nzima nikitafuta maswali yaliyokosa jibu, hasa ya wageni, na hasa yaliyoulizwa siku za fujo. Nikikuta moja, ninamwita mwenye swali kwa jina, ninamwomba radhi kwa kuchelewa, kisha ninamtafuta mtu anayejua.